Kujirusha Jinja: Jina la tamasha lilitaka kuniletea soo Kasulu!

Kuna majina ambayo ukitaka kuyataja mbele ya wazee, kwanza angalia mlango uko wapi. Tamasha la Nyege Nyege la kule Jinja, Uganda, ni mojawapo. Kwa Waganda neno hilo ni ile hamu ya ghafla ya kucheza inayompata mtu ngoma inapolia. Kwetu sisi Waswahili, mh! Maana yake unaijua mwenyewe.

Mjomba wangu pale Kasulu aliponiuliza naenda kwenye nini, nikamjibu, "Muziki, mjomba." Akauliza, muziki wa nani? Nikasema wa watu wengi. Akaguna, akaendelea na ugali wake wa muhogo na migebuka. Yakaisha.

Wala siyo mjomba peke yake. Mwaka 2018 Basata waliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond wakisema hauna maadili, na neno lililoleta kasheshe lilikuwa ndugu wa hilohilo. Mwaka huohuo Waziri wa Maadili wa Uganda, Simon Lokodo, alitaka kulipiga marufuku tamasha, kisha akalegeza. Septemba 2022 likaja balaa jingine: siku chache kabla ya tamasha Bunge la Uganda likasema halifanyiki. Mimi na mshikaji wangu wa Kibondo tulikuwa tumeshauza maharage, nauli iko mfukoni! Waziri Mkuu Robinah Nabbanja akaja kuruhusu kwa masharti, mojawapo watoto chini ya miaka 18 wasikanyage. Tukapumua.

Safari yenyewe usipime. Kasulu, Kibondo, Kakonko, Nyakanazi, vumbi jekundu mpaka kwenye kope. Kisha Biharamulo, Bukoba, na mpakani Mutukula ambako kadi ya homa ya manjano ni mali kuliko simu. Masaka, Kampala, halafu kilomita 80 hivi hadi Jinja. Tamasha lenyewe mwaka huo, tarehe 15 hadi 18 Septemba, lilihamia kwenye maporomoko ya Itanda, kwenye mto Nile. Usiku ukitoka kwenye spika unasikia maji nayo yananguruma.

Sasa muziki. Usitegemee bendi yenye magitaa na wapuliza tarumbeta. Ni mtu mmoja, kompyuta moja na mashine zenye vitufe, na besi inayogonga kifua mpaka unajiuliza kama umekula. Majukwaa kadhaa, ukichoka hapa unahamia pale, mpaka jua linachomoza. Alfajiri baridi ya mto inakung'ata, unacheza ili upate joto.

Kilichonipagawisha ni singeli. Ndiyo, singeli yetu, ile ya vigodoro vya uswahilini Dar, ya Manzese na Tandale! Madijei walichukua vipande vya taarabu, wakavizungusha na kuvikimbiza kwenye kompyuta mpaka mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Nyumbani wakaitwa wahuni. Mwaka 2017 lebo ya hawahawa wa Nyege Nyege ikatoa albamu ya "Sounds of Sisso", na baada ya hapo vijana wa Dar wakaanza kuitwa kwenye matamasha ya Ulaya. Pale Itanda niliona Mzungu amevua viatu, jasho linamtoka, anahangaika kuifuata singeli kama anayekimbizwa na nyuki. Mshikaji wangu akaniambia, "Hii si ndiyo ile mwenye nyumba wangu aliyonikatia umeme?" Nikacheka, lakini ilinichoma.

Kurudi ndiyo ilikuwa kazi. Tarehe 20 Septemba, siku mbili tu baada ya tamasha, Uganda ikatangaza Ebola wilayani Mubende. Sisi hata Mubende hatukupita, lakini nani atakusikiliza? Kasulu nzima ikanisalimia kwa kunipungia mkono. Mama akanitengea sahani na kikombe changu, akazihesabu siku 21 moja moja kama anayesubiri vifaranga. Sikumlaumu, mama ni mama.

Katika siku hizo za upweke nikawaza. Kuna kundi la Kampala linaitwa Nihiloxica, limeoanisha ngoma za Buganda na mashine za umeme, na dunia inawalipa. Jirani zetu Warundi, ngoma zao za kifalme ziliingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2014. Sisi Waha ngoma tunazo, tunazitoa mgeni mkubwa akija, akiondoka tunazirudisha stoo. Na kijana mwenye sabufa na kompyuta iliyochoka pale karibu na stendi tunamwambia apunguze kelele.

Vijana wenzangu wa Kibondo na Kasulu, nauli ya Jinja si mchezo. Lakini kurekodi ngoma ya babu kwa simu hakuhitaji pasipoti. Mzee angali hai, nenda kamuombe apige, rekodi, halafu mpelekee yule wa sabufa. Wakikuita mhuni, waulize Manzese.

Mjomba? Jina la tamasha mpaka leo hajalijua. Na wewe usiniuze.