Anayekutuma haoni mvua yako: safari ya dukani, toka Ubwari hadi Buffalo

Kwa mkaaji wa Ubwari, "kwenda mjini" maana yake ni kwenda Baraka. Huko ndiko kuna soko kubwa, hospitali, maduka ya dawa na kabini za kutolea pesa za simu. Siku ya jua, safari hiyo haina habari ya kusimulia. Mtu anapanda boti asubuhi, anavuka ghuba, ananunua chumvi na sabuni, anatoa pesa alizotumiwa na mtoto wake aliye ng'ambo, kisha anarudi kwake. Lakini mvua kubwa ikinyesha usiku kucha, shughuli hiyo ndogo inaweza kumgharimu mtu maisha yake.

Mwaka 1858, Waingereza Richard Burton na John Speke walipopita sehemu hizi wakitafuta chanzo cha mto Nile, walidhani Ubwari ni kisiwa. Walikosea. Ubwari ni rasi yenye milima, iliyoshikana na nchi kavu upande wa kusini. Hata hivyo, wakaaji wanajua kwamba matope yakifunga njia, vijito vikijaa na ziwa likichafuka, watu wa rasi wanaishi kama watu wa kisiwa.

Hatari ya mvua ya kwetu ni kwamba mara nyingi hainyeshi pale ulipo. Inanyesha juu milimani huku chini, ufukweni, jua linawaka. Mtu anafika mtoni akikuta maji ya magoti, anaanza kuvuka, na kabla hajafika kati mto umeshuka kwa nguvu. Ndiyo sababu wazee husema usiangalie maji tu, angalia na milima. Maji yakibadilika rangi, yakibeba majani na matawi mabichi, au ukisikia mawe yakigongana chini, rudi nyuma.

Teritware ya Fizi haijasahau Kasaba. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Mei 2025, mto ulifurika katika kijiji hicho cha sekta ya Ngandja, kando ya ziwa. Maji yalishuka na mawe makubwa, miti na matope, yakawakuta watu wamelala. Viongozi wa eneo walitangaza vifo vya watu zaidi ya 100. Kufika huko ni kwa njia ya ziwa, na mtandao wa simu haukuwapo, kwa hiyo habari zilichelewa na msaada pia ukachelewa.

Miaka miwili mbele ya hapo, tarehe 4 Mei 2023, mafuriko yalibomoa Bushushu na Nyamukubi katika teritware ya Kalehe, kando ya ziwa Kivu. Watu zaidi ya 400 walikufa. Ilikuwa Alhamisi, siku ya soko Nyamukubi. Watu walikuwa wametoka vijiji vingine kuja kuuza na kununua. Walikuwa katika shughuli ya kila juma, ile ambayo hakuna anayeiagia nyumbani kwa kusema kwaheri ya mwisho.

Sasa tuvuke ziwa na bahari, kwa sababu jamaa zetu wengi hawako tena hapa. Tangu vita vya 1996 na 1998, familia nyingi za Fizi na Uvira zilikimbilia Tanzania, katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma. Kutoka huko, hasa katika miaka ya 2010, maelfu ya Wakongomani walipelekwa kuishi Marekani. Leo mtu wa Sebele anaweza kuwa na dada Texas, kaka Ohio na mjomba Buffalo, katika jimbo la New York.

Buffalo nao ni mji wa ziwa. Uko kwenye ncha ya mashariki ya ziwa Erie. Ziwa hilo ni dogo kuliko Tanganyika, na kina chake hakifiki hata mita 70, wakati Tanganyika inashuka karibu mita 1,470. Lakini linajua kuadhibu. Upepo wenye baridi kali, ukipita juu ya maji ambayo bado hayajaganda, unabeba unyevu mwingi. Ukifika nchi kavu, unaumwaga wote mahali pamoja, si kama mvua bali kama theluji. Mvuvi wa Baraka ataelewa upesi: hali ya hewa ya mji inapikwa ziwani.

Tarehe 23 Desemba 2022, siku mbili kabla ya Noeli, dhoruba kubwa iliingia Buffalo. Upepo ulipita kilometa 110 kwa saa. Kwa zaidi ya siku moja na nusu, mtu akitoka nje alikuwa haoni hatua chache mbele yake. Dhoruba ilipokwisha, theluji iliyopimwa kwenye uwanja wa ndege ilipita sentimita 130, yaani inamfika mtu mzima kifuani. Magari ya wagonjwa na ya zimamoto yenyewe yalikwama barabarani. Watu zaidi ya 40 walikufa katika mji huo na sehemu za jirani.

Kati yao alikuwamo kijana mmoja mkimbizi kutoka Kongo. Tarehe 24 Desemba alitoka nyumbani kutafuta vyakula, na hakurudi akiwa hai. Waliomfahamu walimsifu kuwa mtu wa kukimbilia kusaidia wengine. Alikuwa ameshavuka vita na ukimbizi, halafu kilichomuua ni hali ya hewa, katika safari ya dukani.

Si kwamba hakukuwa na onyo. Idara ya hali ya hewa ya Marekani ilitangaza siku kadhaa mbele kwamba dhoruba hiyo ni ya nadra. Lakini amri ya kukataza magari barabarani ilitolewa asubuhi ya tarehe 23, wakati watu wengi walikuwa wamekwisha kwenda kazini. Anayelipwa kwa saa hapendi kukosa siku ya kazi. Asiye na akiba ya chakula hawezi kufunga mlango siku nne. Na mgeni ambaye Kiingereza chake bado ni kidogo anaweza kupokea onyo kwenye simu bila kujua uzito wake.

Theluji yenyewe inadanganya. Inaanguka polepole kama pamba, na watoto wanaifurahia. Ikichanganyika na upepo, njia, mitaro na magari yaliyoegeshwa vyote vinakuwa kitu kimoja cheupe. Dereva akikwama, anawasha injini apate joto. Theluji ikiziba bomba la moshi, hewa ya sumu inaweza kuingia ndani ya gari, na haina harufu. Akishuka atembee, baridi inachukua vidole kwanza, kisha inachukua akili: mtu anaanza kusinzia na kusahau alikokuwa akienda.

Na dhoruba ikipita, hatari bado haijaisha. Ni kama mto ambao mvua imekatika lakini maji bado yanashuka. Buffalo, wengine walianguka kwa moyo wakati walipokuwa wakisukuma theluji na koleo mbele ya nyumba. Katika mitaa mingi maduka yalibaki yamefungwa siku kadhaa, kwa hiyo aliyejikaza kutembea angeweza kukuta mlango umefungwa. Kwenye mji wenyewe, amri ya kukataza magari iliondolewa tarehe 29 Desemba tu.

Kwa hiyo ndugu zetu walio huko washike mambo machache. Tangu Novemba, weka nyumbani chakula, maji, dawa na maziwa ya mtoto vya siku nne au tano. Ukisikia onyo, mwombe mtoto anayesoma shule akutafsirie neno kwa neno. Ikikubidi kutoka baada ya dhoruba, piga simu kwanza ujue kama duka limefunguliwa, mwambie mtu njia utakayopita na saa ya kurudi, jaza simu moto, vaa nguo tatu au nne moja juu ya nyingine, funika masikio na mikono. Kabla ya kuwasha gari, toa theluji yote kwenye bomba la moshi. Mwenye ugonjwa wa moyo asishike koleo. Na kama mtu yuko hatarini, piga 911 na useme "Swahili": unaweza kupatiwa mkalimani.

Pia usione haya kugonga mlango wa jirani usiyemjua. Katika dhoruba ile ile, mwanaume mmoja aliyekwama na gari lake alivunja dirisha la shule, akaingiza ndani watu zaidi ya 20 ambao wangekufa kwa baridi, kisha akaacha barua ya kuomba radhi kwa dirisha.

Lakini kuna jambo linalotuhusu sisi tuliobaki Baraka na Ubwari. Safari nyingi za hatari hazianzi na njaa. Zinaanza na simu. "Tuma pesa leo, mtoto amefukuzwa shule." Hapa ni saa saba mchana, Buffalo, mwezi wa Desemba, ni saa kumi na mbili asubuhi na bado ni giza. Anayepiga simu yuko chini ya mwembe, jasho linamtoka. Anayepigiwa anaangalia dirisha lililozibwa na theluji. Anaona haya kusema hawezi, kwa sababu atasikia kwamba Marekani imembadilisha. Anavaa koti, anatoka kwenda kutuma.

Na upande wa pili ni hivyo hivyo. Mtoto aliye Marekani anatuma pesa, halafu baada ya saa moja anauliza, "Mama, umeshatoa?" Hajui kwamba usiku kucha mvua imenyesha na boti hazijaondoka. Mama naye hataki kumvunja moyo mtoto. Anatafuta mtumbwi mdogo wa mtu anayekubali kuvuka.

Anayekutuma haoni mvua yako, na wewe huoni theluji yake. Sisi ni watu wa salamu ndefu. Tunaulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi, hata za kuku. Tuongeze swali moja kabla ya kutaja pesa: huko nje kukoje leo? Jibu likiwa baya, tumpe mwenzetu ruhusa ya kungoja: "Basi usitoke, tutaongea kesho." Mwalimu anaweza kuombwa siku mbili. Muuza duka wa kijijini anaweza kukopesha chumvi. Na pesa iliyokwisha kuingia kwenye simu haiozi. Itakuwa pale pale ziwa litakapotulia.

Kule mtoni, watu wa Fizi hawamcheki anayekaa juu ya jiwe akingoja maji yapungue. Wanakaa naye. Heshima hiyo ndiyo wanayoihitaji pia walio ng'ambo, kila mwaka baridi inapoanza, na wanayoihitaji mama zetu wa Ubwari kila mvua inapofunga ghuba.