Kilowati 320 za Dakika Chache

Kilowati 320. Shemeji yangu wa Mikocheni, Dar es Salaam, anaifahamu namba hii vizuri kuliko namba ya mita yake ya Luku. Ameisoma kwenye maelezo ya Porsche Taycan, toleo lililoboreshwa mwaka 2024, na pembeni yake ameona nyingine: asilimia 10 hadi 80 kwa dakika 18. Basi keshapiga hesabu zake. Atanunua iliyotumika kidogo huku Ujerumani, ataipakia melini, na kila asubuhi atakapokuwa anakunywa chai, gari litakuwa linajaa uani.

Ananipigia mimi kwa sababu magari ya namna hiyo ndiyo kazi yangu. Nachukua wageni uwanja wa ndege wa München na kuwapeleka Salzburg, Kitzbühel, Stuttgart, mara nyingine hadi Zürich, na gari nililokabidhiwa sasa ni BMW i7. Mgeni aliyekaa nyuma anashushiwa skrini ya inchi 31 kutoka darini aangalie filamu. Mimi huku mbele naangalia kilowati.

Nilimwanzia shemeji kwenye Luku, maana hapo Mtanzania hahitaji mwalimu. Yuniti moja unayonunua ni umeme wa kilowati moja uliotumika kwa saa nzima. Betri ya hiyo Taycan mpya inabeba yuniti 97, ya i7 yangu yuniti 101.7, na ya Mercedes EQS 450+ ya 2021 yuniti 107.8. Yuniti zinakuambia umeme kiasi gani umeingia. Kilowati zinakuambia unaingia kwa kasi gani. Watu wengi wanaouza na kununua magari haya wanazichanganya mbili hizi, na wauzaji hawana haraka ya kuwasahihisha.

Sasa tuzipige hesabu wenyewe. Betri ya yuniti 97 ikipokea kilowati 320 mfululizo bila kupungua, ingejaa kutoka sifuri hadi mia kwa dakika 18 na kidogo. Lakini zile dakika 18 za Porsche ni za kutoka 10 hadi 80, yaani asilimia 70 tu ya betri, karibu yuniti 68. Ukizigawa kwa muda huo unapata wastani wa kilowati 226. Gari langu ndilo zaidi: kilele chake ni kilowati 195, lakini BMW wenyewe wanasema 10 hadi 80 ni dakika 34, na wastani unaotoka hapo ni kama 126. Hakuna aliyedanganya. Ile namba kubwa ni ya kilele, na kilele hakidumu.

Kwa nini hakidumu? Ndani ya betri, chembe za lithiamu husafiri kutoka upande mmoja na kwenda kujipenyeza kwenye tabaka za grafaiti upande wa pili. Ni daladala. Gari likiwa tupu pale kituoni abiria wanaingia mbio na kila mtu anapata siti. Likianza kujaa, konda anaimba "songa nyuma, songa nyuma", na kila anayeingia anachukua muda zaidi kupata pa kukaa. Ukiwalazimisha waingie kwa kasi ileile, watabanana mlangoni. Kwenye betri, kubanana huko kunamaanisha lithiamu kuganda juu ya grafaiti ikiwa chuma kitupu. Lithiamu iliyoganda hivyo sehemu yake hairudi tena kazini, uwezo wa betri unapungua moja kwa moja, na ikizidi inaweza kuleta shoti ndani kwa ndani. Ndiyo maana kompyuta ya gari inapunguza kilowati hatua kwa hatua, wewe dereva upende usipende.

Hilo naliona kila ninapochaji. Nikifika na asilimia 10, kioo kinaandika kilowati 190 na ushee. Muda si mrefu zinashuka ngazi moja, kisha nyingine. Nikivuka 80 ziko chini ya mia, na kutoka 90 hadi 100 mgeni anaweza kumaliza supu na kuagiza nyama. Kwa hiyo madereva wa kazi hii hatujazi betri njiani. Tunafika nayo ikiwa chini, tunachukua kile kinachotosha kufika, tunaondoka. Kusimama mara mbili fupi kunaweza kukuwahisha kuliko kusimama mara moja ndefu, na hili ndilo wageni waliozoea dizeli hulikubali kwa shida kuliko yote.

Shemeji akaniuliza swali ambalo nalipenda: kama bei zinakaribiana, kwa nini Porsche inapata 320 na BMW 195? Jibu liko kwenye volti. Kilowati ni volti mara ampea, ukigawa kwa elfu. Plagi ya Ulaya ya kuchajia haraka, CCS, kwa kawaida imewekewa ukomo wa ampea 500. Betri ya i7 na ya EQS ni za kundi la volti 400. Zidisha: 400 mara 500 ni kilowati 200. Mercedes wanaandika 200, BMW wanaandika 195, na sasa unajua walikokwama. Porsche tangu Taycan ya kwanza, mwaka 2019, walijenga gari la volti 800. Volti zikiwa maradufu, ampea 400 zinatosha kukufikisha kilowati 320. Ampea ndizo zinazotia joto kwenye waya, tena joto hilo halipandi sawasawa nazo: ampea zikiongezeka mara mbili, joto linakuwa mara nne. Ndiyo sababu nyaya za vituo vikubwa huku zina kimiminika cha kupoza kinachozunguka ndani yake. Ukishika waya huo wakati wa kuchaji unausikia unatetemeka kidogo.

Na kabla watu hawajadhani kwamba fahari ndiyo inayonunua kasi: Hyundai Ioniq 5, gari la Wakorea la mwaka 2021 ambalo halifiki nusu ya bei ya i7, nalo ni la volti 800, na 10 hadi 80 ni dakika 18. Nimewahi kukaa kituoni na gari la ngozi nyeupe na taa za vioo, nikimtazama baba mwenye watoto watatu akifika baada yangu na Hyundai yake na kuondoka kabla yangu. Mgeni wangu hakuona. Alikuwa na filamu.

Halafu kuna kituo chenyewe. Vile vya Ionity kwenye barabara kuu vingi vinatoa hadi kilowati 350, ila nguzo za zamani za kilowati 50 bado zipo pembeni ya maduka na kwenye miji midogo. Kwenye nguzo ya 50, dakika zangu 34 zinageuka saa moja na nusu, hata liwe gari la mfalme. Kuna pia nguzo zinazogawana. Mashine nyingi hapa Ujerumani ni za Alpitronic, kampuni ya Bozen kaskazini mwa Italia, na ile ya kilowati 300 ina nyaya mbili. Ukiwa peke yako unajichukulia unachoweza, akija wa pili mnaweza kuangukia 150 kila mmoja. Kwa hiyo mimi nikiingia kituoni sitafuti nafasi iliyo karibu na choo. Natafuta nguzo isiyo na mtu upande wa pili.

Baridi inastahili maneno zaidi, ingawa shemeji anasema haimhusu. Betri ikiwa baridi, lithiamu inatembea polepole na hatari ya kuganda inakuja mapema, basi kompyuta inabana mlango tangu mwanzo. Porsche wenyewe walitoa ulinganisho ulio wazi walipoleta toleo la 2024: betri ikiwa na nyuzi joto 15, gari jipya linakwenda 10 hadi 80 kwa dakika 18, na la zamani, katika hali hiyohiyo, kwa dakika 37. Maradufu, na nyuzi 15 wala si baridi ya kutisha. Januari hapa München asubuhi maji yameganda. Dawa yake ni kuliambia gari mapema: ukiweka kituo cha kuchajia kwenye ramani ya gari, linaanza kuipasha betri moto njiani. Ukienda kituoni kwa mazoea tu, bila kukiweka kwenye ramani, gari halijui unakokwenda na unafika na betri ya barafu. Dar baridi hiyo haipo, kweli. Ila kwenye kituo cha haraka kungekuwa na kazi ya upande wa pili: kupoza. Feni na pampu zinaunguruma, na sehemu ya umeme unaolipia inaishia kwenye kiyoyozi cha betri.

Hayo ndiyo yaliyonifanya nimrudishe shemeji kwenye matangazo aliyonitumia. Magari anayoyaweza kwa mfuko wake si ya 2024. Ni ya 2020 na 2021. Taycan hizo, hata zenye betri kubwa, zinabeba yuniti 83.7, kilele chake ni kilowati 270, na muda waliotangaza ni dakika 22 na nusu kutoka asilimia 5 hadi 80. Bado ni kasi ya kuheshimiwa. Lakini zile 320 alizozikariri si za gari analolipia.

Tena hazitamhusu sana hata angezipata. Jirani na kwake hakuna nguzo ya kilowati 300, na hata kutamani kuiweka nyumbani hakuna maana: transfoma za mitaani huwa za kVA 50, 100, 200, tuseme karibu kilowati hizohizo, zikihudumia nyumba na maduka na mashine za kuchomelea. Nguzo moja kama ile ya Ionity ingeinywa transfoma yote na kudai nyingine. Kasi ya shemeji itakuwa ya nyumbani, na nyumbani ni sheria nyingine kabisa.

Vituo vya haraka vinapeleka DC moja kwa moja kwenye betri. Soketini kunatoka AC, ambayo betri haiipokei, na gari linapaswa kuibadilisha lenyewe kuwa DC kwa chaja iliyofichwa ndani ya bodi. Chaja hiyo ndiyo mwenye nyumba. Kwenye Taycan ni ya kilowati 11, na aliyelinunua likiwa jipya aliweza kulipia ya 22. Kwa bahati umeme wa Tanzania na wa Ujerumani ni ndugu, volti 230 kwa fezi moja na 400 kwa fezi tatu, kwa hiyo gari halitashangaa. Kwenye soketi ya kawaida, kwa ampea 10 zinazoweza kupita usiku kucha bila kuyeyusha plagi, unapata kilowati 2.3. Ongeza umeme unaopotea njiani kama joto, na betri yake tupu itajaa kwa karibu saa 40. Na tafadhali isiwe kwa ekstensheni ya dukani iliyokunjwa chini ya mlango. Fundi akimvutia waya wake maalumu na breka yake kutoka kwenye meni swichi, fezi moja ya ampea 32, anapata kilowati 7.4 na zile saa 40 zinakuwa 12 na nusu. Akiomba shirika la umeme, TANESCO, limwingizie fezi tatu, kilowati 11 zitajaza kwa saa nane na nusu, yaani usingizi wa mtu mmoja aliyechoka.

Gharama yake si ya kutisha kwa mwenye Porsche: yuniti kama 92 kutoka kwenye mita, kwa shilingi 356 na kitu kila moja, ni kama shilingi 33,000. Ila nilimkumbusha dada yangu, ambaye ndiye anayenunua Luku, kwamba ile bei nafuu ya wanaotumia yuniti zisizozidi 75 kwa mwezi waiage. Gari litaimaliza usiku mmoja.

Shemeji alidhani kubaniwa umeme ni mambo ya kwetu tu. Nikamweleza kwamba Ujerumani, tangu Januari 2024, anayefunga chaja mpya ya nyumbani yenye zaidi ya kilowati 4.2 anakubali kwamba mtandao wa mtaa ukielemewa, kampuni ya umeme inaweza kumshusha hadi hizo 4.2 kwa muda, na kwa kukubali anapunguziwa tozo ya mtandao. Gari halizimiki, linachaji polepole tu. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kuhusu sola. Paneli za kilowati tano juu ya paa la Dar zinaweza kutoa yuniti 20 hivi siku ya jua zuri, na kwa magari mazito kama haya yuniti 20 ni takriban kilomita 90. Kwa anayekwenda kazini Posta, katikati ya jiji, na kurudi Mikocheni ni nyingi kuliko anazohitaji, mradi gari lishinde nyumbani mchana jua likiwepo. Yeye mchana yuko Posta.

Wiki hii ameacha kuniuliza kilowati za kilele. Anawaandikia wauzaji maswali mawili tu, niliyomtafsiria kwa Kijerumani: chaja ya ndani ni ya 11 au ya 22, na kibadilishi cha kuchajia kwenye vituo vya volti 400 ni cha kilowati 50 au kile cha 150 kilicholipiwa zaidi. Muuzaji mmoja wa Hamburg alijibu haraka sana. Alituma picha tisa za rimu.