Kuponi: Kupatana Bei Bila Kusema Neno

Anayehamia Marekani kutoka Afrika Mashariki hugundua upesi kwamba supamaketi za huko hazina nafasi ya kusema "punguza kidogo". Bei imebandikwa rafuni, keshia hana mamlaka ya kuigusa, na walio nyuma kwenye foleni hawana subira. Hata hivyo, katika foleni hiyohiyo watu wawili hulipa bei tofauti kwa boksi la aina moja la sabuni ya unga, kwa sababu mmoja wao ametoa kipande cha karatasi au ameingiza namba yake ya simu kwenye mashine. Hiyo ndiyo kuponi, na anayetaka kuanza kuitumia ataielewa vizuri zaidi akiichukulia kuwa njia ya kupatana bei kuliko akiiona kuwa zawadi. Pale sokoni Kariakoo au Kongowea, muuzaji humshushia bei yule anayesimama, akauliza, akajifanya anaondoka. Mwenye haraka hulipa bei ya kwanza na kwenda zake. Kuponi hufanya kazi ileile. Tofauti ni kwamba anayeshusha bei ni kiwanda kilicho mbali, na usumbufu wa kubishana umegeuzwa kuwa usumbufu wa kukata, kutunza na kukumbuka.

Ushahidi wa hoja hii uko katika namna kuponi zinavyoendeshwa. Zamani lengo lilikuwa kuonjesha tu: mwishoni mwa miaka ya 1880 Coca-Cola, ikiwa bado kinywaji kichanga cha Atlanta, iligawa tiketi za glasi moja ya bure. Baadaye kuponi ikawa chombo cha kutenganisha wanunuzi. Viwanda vya Marekani viliwahi kusambaza zaidi ya kuponi bilioni 300 kwa mwaka, na zilizorudi madukani zilikuwa kama moja tu katika kila mia. Kwa mtazamo wa haraka huo ni ubadhirifu wa karatasi. Lakini mwaka 1984 mchumi Chakravarthi Narasimhan alieleza mantiki yake: kuponi humwezesha mtengenezaji kumuuzia kwa bei ya chini anayejali bei, huku akiendelea kumtoza bei kamili asiyejali. Kama kila mtu angezitumia, zisingekuwa na kazi tena, na punguzo lingeyeyuka ndani ya bei ya kawaida.

Tukio la jimbo la New York linaonyesha jambo hilo vizuri. Mwaka 1996 Procter & Gamble, watengenezaji wa Tide na Pampers, waliacha kutoa kuponi kwa majaribio katika maeneo ya Buffalo, Rochester na Syracuse, wakisema watashusha bei za rafuni badala yake. Ungedhani wanunuzi wangefurahia kuondolewa kazi ya mkasi. Walikasirika, wakakusanya saini, wakaitisha migomo, na mwaka 1997 jaribio likavunjwa. Mwanasheria mkuu wa jimbo naye aliingilia kati akidai kampuni kadhaa zilikuwa zimekula njama ya kuziondoa kuponi, na shauri likamalizwa, bila kampuni kukiri kosa, kwa wakazi kupewa kuponi za dola milioni 4.2. Kwa waliokuwa wamejua kupatana bei, kufutiwa kuponi na kupewa bei moja ya wote kulikuwa sawa na kunyang'anywa.

Tukikubali kwamba kuponi ni bei ya pili, swali la mwanzo la anayeanza halitakuwa "nitazipata wapi?" Zimejaa: kwenye magazeti ya Jumapili, kwenye programu za simu za maduka yenyewe, hata ndani ya maboksi ya bidhaa. Swali lake ni nini familia hii hununua kila mwezi, kuponi iwepo isiwepo. Sokoni, mwenye kujua alichofuata hupatana vizuri kuliko anayetangatanga akivutwa na kila anayemwita. Basi orodha itangulie, na kuponi itafutwe kwa ajili ya orodha. Kisha ipigwe hesabu ya kweli. Tuseme sabuni ya jina kubwa ni dola 6.99 na kuponi ni ya dola 1, utalipa 5.99. Pembeni yake iko sabuni ya ujazo uleule yenye jina la duka lenyewe, dola 4.49, bila kuponi yoyote. Anayefurahia dola yake moja amepoteza moja na nusu. Rafu nyingi za Marekani huonyesha kwa maandishi madogo bei ya kila aunsi, na maandishi hayo ni rafiki wa mnunuzi kuliko tangazo lolote jekundu.

Kuponi hupata nguvu inapokutana na punguzo jingine. Ile ya kiwanda na ile ya duka ni vitu viwili, na maduka mengi huruhusu zote mbili zitumike kwa bidhaa moja, ingawa kuponi mbili za kiwanda kwa bidhaa moja hukataliwa. Ndiyo maana wazoefu hawakimbilii dukani siku waliyopata kuponi. Huingojea wiki ambayo bidhaa yenyewe imeshushwa bei, mradi tarehe ya mwisho haijapita. Na mtu asione haya mbele ya keshia. Duka halipati hasara: kiwanda hulirudishia thamani yote ya kuponi yake na kuongeza ada ya usumbufu, ambayo kwa kawaida ni senti 8. Sharti ni kuponi iwe halali. Kunakili au kununua za kughushi ni wizi, na mwaka 2021 mahakama ya Marekani ilimfunga mwanamke mmoja wa Virginia miaka 12 kwa kuponi bandia zilizosababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 31.

Wapo wanaopinga, na pingamizi lao zito ni kwamba kuponi ni za vyakula vya maboksi: nafaka zenye sukari, vitafunio, soda. Hilo ni kweli kwa sehemu kubwa, na sababu yake iko wazi: mchicha na viazi mara nyingi havina kiwanda cha kuvitolea kuponi. Lakini kikapu cha nyumbani si chakula peke yake. Dawa ya meno, sabuni, nepi na karatasi za chooni zina kuponi tele, na hakuna atakayeugua kwa kupunguziwa bei ya nepi. Mnunuzi mwangalifu hubana matumizi upande huo, kisha kilichobaki akakipeleka kwenye mboga. Wengine husema muda unaopotea ni ghali kuliko senti zinazookolewa. Kwa mwenye zamu mbili za kazi huenda wana haki, na kwake duka kama Aldi, linalouza zaidi bidhaa za jina lake lenyewe na ambalo Marekani halipokei kuponi za viwanda, linaweza kuwa jibu bora. Vile vipindi vya televisheni ya Marekani vya watu waliojaza gereji chupa za haradali kwa kuponi, mimi naviona ni michezo ya kuigiza kuliko uchumi wa nyumbani.

Pingamizi ninaloliona halina jibu rahisi ni la simu. Kuponi nyingi sasa ni za kidijitali, na ambaye hana simu ya kisasa, au hakuibonyeza kuponi kabla ya kufika kwa keshia, hulipa bei kamili. Mara nyingi huyo ni mzee, au ni mgeni ambaye Kiingereza bado kinamchenga, yaani hasa yule anayehitaji nafuu. Mwaka 2025 jiji la San Diego liliamua kuyalazimisha maduka yenye punguzo za kidijitali yatoe na njia ya karatasi, na ni haki miji mingine iige. Zaidi ya hapo, kadi au programu ya duka unayotumia kupata punguzo huandika kila unachonunua, na hiyo ni sehemu ya bei unayolipa.

Huku nyumbani Afrika Mashariki kuponi za viwanda hazijashika mizizi, kwa kuwa kwa Mangi, muuza duka wa mtaani, au sokoni mdomo bado unafanya kazi hiyo. Kilichoingia ni pointi za kadi za supamaketi, na pointi ni deni ambalo duka halijakulipa. Supamaketi za Nakumatt za Kenya zilipoanguka, kadi zake zilibaki plastiki tupu. Tumia pointi mapema.

Kwa aliye Marekani, chagua bidhaa tatu tu ambazo nyumba yako haikosi, utafute kuponi zake kwa mwezi mmoja, na uweke risiti zote. Zilinganishe na za mwezi uliotangulia. Kama jumla haikushuka, achana na kuponi na ununue bidhaa zenye jina la duka.