Nauli Huanzia Kizingitini

Mtu wa Singida anayekusudia kwenda ng'ambo hana lango la anga lililo lake, kwa kuwa uwanja mdogo wa mji huo haukujengwa kwa ajili ya ndege za masafa marefu. Lakini akiikunjua ramani ataona kwamba amekaa mahali ambapo njia tatu zaweza kumfikisha kwenye malango matatu ya dunia. Ya kwanza yateremka Dodoma na kuishia Dar es Salaam. Ya pili yapita Katesh, chini ya Mlima Hanang, ikaingia Babati na Arusha hadi Uwanja wa Kilimanjaro (KIA). Na ya tatu yaendelea kutoka Arusha, ikavuka mpaka Namanga na kufika Nairobi. Mkaazi wa Dar es Salaam, maadam lango moja li karibu naye, aghalabu hudhani kwamba bei ya lango hilo ndiyo bei ya dunia. Ilhali mtu wa bara, ambaye hana budi kusafiri kabla ya kusafiri, ana wasaa wa kubisha hodi katika yote matatu.

Jambo la kwanza la kufahamu mintarafu ya nauli ya ndege ni kwamba haipimwi kwa umbali. Anayepanda basi katika stendi ya Misuna hulipa kwa kadiri ya kilomita, maana LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, huweka kikomo cha nauli kwa kila kilomita ya abiria. Ama kiti cha ndege huuzwa kwa tadbiri nyingine kabisa. Mwaka 1972 Ken Littlewood, aliyekuwa akifanya kazi katika shirika la BOAC la Uingereza, alieleza kwa hesabu swali ambalo kila mwuza samaki wa soko la jioni hulijua kwa tajriba: je, niuze sasa kwa bei ndogo iliyo mkononi, au nimngojee mnunuzi wa bei kubwa ambaye huenda asije? Jibu lake lilikuwa kwamba inafaa kuuza rahisi maadam fedha hiyo ya hakika yazidi ile bei kubwa ikiisha kupunguzwa kwa kadiri ya shaka ya kuja kwake mnunuzi. Marekani ilipoziondolea nauli amri ya serikali mwaka 1978, mashirika makubwa ya huko yaliikabidhi hesabu hiyo kwa kompyuta, na desturi hiyo ikaenea ulimwenguni. Ndiyo sababu viti vya daraja la kawaida, ingawa upana wake ni mmoja na chakula chake ni kimoja, vimegawanywa katika vifungu vya bei, kila kifungu na herufi yake. Na bei uionayo leo ni ya kifungu cha chini kabisa ambacho bado hakijajaa. Anayeuliza miezi kadhaa kabla ya safari hukuta vifungu vingi vi wazi. Anayeuliza kwa ajili ya Krismasi mnamo Desemba, au kwa ajili ya Julai na Agosti watalii wanapoijaza njia ya Kilimanjaro, hukuta kile cha juu peke yake.

Jambo la pili ni kwamba bei ni ya jozi ya miji, si ya ndege. Kwa miaka mingi ndege ya KLM ilikuwa ikitoka Amsterdam, ikatua Kilimanjaro, ikaenda Dar es Salaam, kisha ikarudi kwao. Abiria aliyepandia Kilimanjaro na mwenziwe aliyepandia Dar es Salaam waliketi bega kwa bega hadi Ulaya, na bado ingewezekana kabisa kila mmoja awe amelipa nauli tofauti na ya mwenziwe, kwa sababu kila mji ni soko lenye washindani wake. Vivyo hivyo shirika la Ethiopia, ambalo limeifanya Addis Ababa kuwa njia panda ya kukusanyia abiria wa miji mingi ya Afrika, laweza kumwuzia mtu wa Kilimanjaro tiketi ya kwenda Guangzhou kwa bei iliyo chini ya ile ya mtu wa Addis Ababa mwenyewe, ingawa huyu wa pili anaruka kipande kimoja na wa kwanza viwili. Asiyelijua hili hustaajabu. Alijuaye huuliza bei ya kila lango kwa tarehe zile zile, kisha huzisogeza tarehe siku mbili tatu mbele na nyuma, akauliza tena.

Nairobi nayo ina historia yake. Shirika la East African Airways, lililoanza kazi mwaka 1946, liliifanya Nairobi kuwa makao yake, na lilipovunjika mwaka 1977 Tanzania ikaunda shirika lake, lakini wingi wa ndege ulikuwa umekwisha kuota mizizi Nairobi. Palipo na mashirika mengi pana ushindani, na ushindani huteremsha bei. Mwenye pasipoti ya Tanzania haombi viza kuingia Kenya, kwa hiyo lango hilo li wazi kwake. Swali ni gharama ya kulifikia.

Kabla ya kufika kwenye swali hilo, hadhari chache hazina budi kutajwa, kwa kuwa tiketi rahisi huficha miiba. Tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali si safari moja: ya kwanza ikichelewa, shirika lililokuuzia ya pili halidaiwi kukungoja wala kukupa kiti kingine, ilhali katika tiketi moja yenye vipande viwili mzigo huo ni wa waliokuuzia. Aliyenunua tiketi inayoanzia Dar es Salaam asidhani anaweza kuidakia ndege katikati ya njia, kwani akikosa kipande cha kwanza vilivyobaki kwa kawaida hufutwa. Fauka ya hayo, tiketi yenye kungoja kwingi huleta swali la afya: Ethiopia na Kenya zimo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na Tanzania humtaka anayeingia baada ya kukaa zaidi ya saa 12 katika uwanja wa nchi ya namna hiyo aonyeshe cheti cha chanjo. Cheti hicho huanza kufaa siku ya 10 baada ya chanjo, na tangu mwaka 2016 hukubaliwa kwa umri wote wa mwenyewe.

Na iko saa. Tiketi huandikwa kwa saa ya kizungu, na siku yake huanza saa sita ya usiku. "Ijumaa 02:15" ni saa nane na robo ya usiku wa kuamkia Ijumaa, ambao wazee wa pwani wangeuita usiku wa Ijumaa pasipo shaka yoyote, kwa kuwa kwao siku huanza jua linapotua. Lakini kijana wa leo, asiyekumbuka falaki hiyo, hufika uwanjani Ijumaa usiku na kuambiwa kwamba ndege yake iliondoka usiku uliotangulia.

Sasa turudi kwenye gharama. Jirani yangu mmoja hapa Singida, mwenye kinu cha kukamua alizeti, alitaka kwenda Guangzhou kutazama mashine, akanijia na daftari la shule la mwanawe. Tarakimu alizoandika tuzichukue kuwa mfano tu, maana bei hubadilika kila siku, lakini mpango wake wafaa kuigwa. Nairobi tiketi ilikuwa dola 740, Dar es Salaam 820, Kilimanjaro 860. Na kwa kuitazama safu hiyo peke yake alikuwa amekwisha kuazimia kwenda Nairobi. Nikamwomba achore safu ya pili. Kwa Dar es Salaam akaandika basi la Dodoma na treni ya SGR, kwenda na kurudi, dola 40. Malazi ya usiku mmoja kwenda na mmoja kurudi, 40. Teksi na chakula, 25: jumla 925. Kwa Nairobi, mabasi 70, malazi 60, teksi na chakula 35: jumla 905. Kwa Kilimanjaro, ambako angeshuka njia panda ya KIA siku ile ile, basi 30, teksi na chakula 15, malazi hapana: jumla 905.

Akaweka kalamu chini, akacheka kwamba amesumbuka bure, kwa maana malango mawili yamelingana sawasawa. Mkewe, aliyekuwa akipepeta mtama karibu na mlango na kusikia hesabu yote, aliuliza pasipo kuinua macho:

"Baba Neema, na zile siku mbili za njiani, kinu kimelala, umeziandika wapi?"

Akaichukua tena kalamu, akachora safu ya tatu.