Hela ya korosho imeingia na unataka kiwanja Nachingwea au Ruangwa? Kagua haya kabla hujalipa

Minada ya korosho ikishaanza Oktoba na wakulima wa RUNALI kulipwa kupitia benki, simu za madalali nazo zinaanza kuita. Kuna kiwanja kizuri karibu na barabara. Mwenye nacho ana shida ya haraka. Kuna mteja mwingine yuko njiani.

Unafika, unaonyeshwa karatasi ina mhuri na saini ya mwenyekiti, unalipa. Mwaka unaofuata unakuta mtu mwingine anachimba msingi, naye ana karatasi yake.

Jambo la kushika ni hili: karatasi aliyonayo muuzaji haitoshi. Kumbukumbu inayotambulika kisheria iko ofisini, na inabidi mtu anayeijua kazi hiyo akusomee kabla hela haijatoka mfukoni.

Kwanza, hiyo ardhi ni ya nani kisheria?

Tanzania ina sheria mbili kuu za ardhi, zote za mwaka 1999. Sheria ya Ardhi Namba 4 inahusu zaidi maeneo ya miji. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 inahusu vijiji. Kila moja ina ofisi yake na karatasi zake.

Shida kubwa iko pembezoni mwa mji, pale ambapo shamba la mikorosho la jana leo linaitwa "viwanja". Muulize muuzaji waziwazi: hapa ni kijijini au ni eneo la mipango miji? Halafu usiishie kwenye jibu lake. Nenda kaulize ofisi ya ardhi ya halmashauri, Nachingwea au Ruangwa.

Kama ni kiwanja kilichopimwa

Muuzaji awe na hati miliki, au angalau barua ya toleo, ile wengi wanayoiita ofa. Chukua namba ya kiwanja, kitalu na jina lililoandikwa, kisha fuata hatua hizi:

1. Ofisi ya ardhi ya halmashauri ikuthibitishie kwamba kiwanja kipo kwenye mchoro na kilitolewa kwa mtu huyo. Uliza pia kimepangwa kwa matumizi gani. Unaweza kununua mahali pa kujenga nyumba kumbe mchoro unaonyesha eneo la wazi au la shule.

2. Kama kina hati, omba upekuzi rasmi kwa msajili wa hati, kupitia ofisi ya ardhi ya mkoa iliyoko Lindi. Majibu yatakuonyesha mmiliki aliyesajiliwa, kama hati imewekwa rehani benki, na kama kuna mtu ameweka zuio. Mtu anaweza kukuonyesha hati halisi kabisa huku deni la benki bado liko palepale kwenye daftari.

3. Angalia stakabadhi za kodi ya pango la ardhi. Malimbikizo hayafutiki kwa sababu kiwanja kimeuzwa, kwa hiyo yanaweza kukufuata wewe.

4. Mchukue mpima ardhi mwende naye site. Alinganishe namba za bikoni na ramani ya upimaji. Hati inaweza kuwa safi kabisa, kumbe umeonyeshwa kiwanja cha jirani.

Kama ni ardhi ya kijiji

Hapa karatasi inayotambulika ni hatimiliki ya kimila, na nakala yake hukaa kwenye masijala ya ardhi ya kijiji. Ila maeneo mengi bado hayana hati hizo. Kwa hiyo usiende kwa mwenyekiti peke yake. Nenda kwa mtendaji wa kijiji.

Omba kuona muhtasari wa kikao cha Halmashauri ya Kijiji kilichoridhia mauzo hayo. Saini ya mwenyekiti mmoja nyumbani kwake, hata ikiwa na mhuri, si sawa na uamuzi wa kikao. Kabla ya kikao, ongea na majirani wa pande zote nne. Hao ndio wanajua mpaka uko wapi na nani alilima hapo zamani.

Uliza pia kama kijiji kina mpango wa matumizi bora ya ardhi. Eneo lililotengwa kwa malisho au msitu haligeuki kiwanja kwa makubaliano yenu wawili.

Usisahau familia ya muuzaji

Kama ni nyumba ya familia, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka mwenzi wake akubali. Mwite mke au mume asaini mbele yako. Kama mali ni ya marehemu, anayeuza awe msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na akuonyeshe barua ya uteuzi. "Mimi ndiye mtoto mkubwa" haimpi mtu mamlaka ya kuuza.

Na ukinunua apatimenti Dar?

Wapo wanaopeleka akiba yao Dar es Salaam ili watoto wapate pa kukaa. Huko kuna Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo. Unakuwa na hati ya sehemu yako, huku ngazi, paa, mabomba ya pamoja na kiwanja mkivimiliki wote kwa pamoja.

Mpe wakili akague hati ya sehemu hiyo, mchoro wa jengo uliosajiliwa, na kama ardhi yote bado iko rehani kwa deni la mjenzi. Halafu omba mihutasari na hesabu za chama cha wamiliki. Humo utaona muuzaji anadaiwa michango kiasi gani, na kama lifti au paa linasubiri matengenezo makubwa. Ukishanunua, gharama hiyo ni yako na wenzako.

Nani akusaidie?

Afisa ardhi anakusomea mchoro na jalada. Mpima anakagua mipaka. Wakili anasoma upekuzi na kuandika mkataba. Mthamini anakwambia bei inaendana na soko au umepigwa. Mchague mwenyewe, usichukue wakili aliyeletwa na dalali.

Ni kweli, hawa wote wanalipwa, na nauli ya kwenda Lindi ni hela. Lakini linganisha na kesi. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata linasuluhisha tu. Mkishindwa kupatana, mnaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na shauri linaweza kula misimu kadhaa ya korosho.

Siku ya kulipa

Mkataba uwe wa maandishi, na malipo yapite benki ili ubaki na ushahidi. Baada ya hapo kamilisha kodi na ombi la uhamisho mpaka jina lako liingie kwenye daftari. Wengi wanaishia kwenye mkataba, wanaweka karatasi kabatini, wanaanza kufyatua tofali. Daftari likiendelea kusoma jina la muuzaji, kuna siku mtu mwingine atafanya upekuzi kama wako, na jina atakalolikuta ni la muuzaji yuleyule.