Tembo la Tana: Ulimi hutambua mti na saa, lakini si sumu

KATIKA hoteli za kitalii mjini Malindi, mhudumu aliyeifunzwa kazi yake huweza kuonja divai nyeupe bila ya kuiona chupa, kisha akabaini imetokana na zabibu za aina gani. Harufu ya majani mabichi humwelekeza kwenye Sauvignon Blanc. Ladha iliyokaribiana na siagi humfanya aitaje Chardonnay. Anapohisi tofaa lililoiva na uchachu mkali, hukisia Chenin Blanc, zabibu ambayo hulimwa pia mkoani Dodoma, Tanzania.

Zaidi ya kilomita 100 kaskazini, mjini Garsen na katika vijiji vilivyotapakaa kando ya Mto Tana, divai nyeupe ni nyingine kabisa. Haitokani na zabibu, wala haifungwi kwa kizibo. Ni tembo, utomvu wa mnazi, mkoma au mkindu uliochachuka wenyewe, ambao Waislamu wengi wa kaunti hiyo hawaugusi lakini ambao miongoni mwa majirani zao una historia ndefu kuliko kumbukumbu za maandishi za eneo hilo.

Tembo nalo lina wajuzi wake, na utaratibu wao haupishani sana na ule wa Malindi. Hutazama kwanza, kisha hunusa, kisha huonja kidogo na kusubiri ladha inayobaki kooni. Tofauti kubwa ni kwamba divai ya zabibu husimulia mwaka wa mavuno, ilhali tembo husimulia saa. Anayeulizwa umri wa tembo hatakiwi kutaja miaka bali kueleza iwapo liligemwa alfajiri ya leo, jana jioni au juzi.

Siri ya jambo hili imo katika utomvu wenyewe. Unapodondoka kutoka mtini huwa angavu kama maji na mtamu mno, kwani ule wa mnazi huwa na sukari ya kati ya asilimia 10 na 18. Mgema hahitaji kuutia hamira. Vijidudu vya hamira na bakteria vilivyomo hewani, kwenye jeraha la mti na ndani ya kibuyu ambacho hakikuoshwa kikatakata huanza kazi papo hapo. Ndani ya saa chache kilevi hufikia asilimia 4 au 5, kiwango cha bia ya kawaida, nusu au chini ya nusu ya kile cha divai ya zabibu.

Hapo ndipo weupe unapoingia. Watu wengi hudhani kwamba tembo ni jeupe kwa sababu mti umetoa maziwa. La hasha. Weupe ule ni mamilioni ya vijidudu vinavyoelea. Kwa hiyo utomvu uliokaribia kuwa angavu haujachachuka, na ule uliofifia kama maji ya mchele umeanza, nao ule mweupe mzito umekwisha kukolea. Jicho pekee humaliza nusu ya kazi kabla ya mdomo kuguswa.

Ulimi humalizia. Tembo la asubuhi, ambalo wenyeji wa Pwani huliita tembo tamu, hutanguliza sukari na huacha mwasho mwembamba wa mapovu ya gesi inayozalishwa na hamira. Kufikia alasiri utamu umepungua na uchachu umejitokeza. Huu ni uchachu laini, jamaa ya ule wa maziwa lala, kwa kuwa asidi ni ile ile inayotokana na bakteria wa maziwa. Ajabu ni kwamba bakteria wa kundi hilo hilo ndio huipa Chardonnay ladha yake ya siagi. Mnywaji wa Garsen na yule wa Malindi, pasipo kujuana, hutafuta alama za kiumbe mmoja.

Siku ya pili huwa ni tembo kali. Sukari imekwisha, kilevi kimepanda, na ulimi hukunjamana. Siku ya tatu harufu hupanda puani kabla ya glasi kufika mdomoni: bakteria wengine, wanaohitaji hewa, wamekwisha kukigeuza kilevi kuwa siki. Mpishi hufurahi, mnywaji hununa. Na kwa kuwa joto la Garsen mara nyingi hupita nyuzi 30, mwendo huo wote huwa wa haraka kuliko katika maeneo yenye baridi. Ndiyo sababu mitungi ya plastiki inayosafirishwa hufungwa vifuniko kwa kulegezwa. Ikikazwa, gesi huivimbisha hadi ikapasuka.

Kutambua mti ni kazi ngumu zaidi kuliko kutambua saa. Aliyezoea hutofautisha, lakini tembo likishapita siku moja uchachu hufunika kila kitu, na hapo hata mjuzi huanza kubahatisha. Njia ya hakika ni kujua lilivyogemwa, na hapo hadithi huacha kuwa ya starehe.

Mnazi hugemwa kwenye karara, yaani kole la maua ambalo halijafunguka. Mgema hupanda, hulifunga, hulikata ncha kwa kotama na kukinga kibuyu, kisha hurudi asubuhi na jioni kulikata upya kipande chembamba. Mwenye shamba hupoteza nazi za kole hilo, lakini mti huendelea kuishi na kuchanua tena.

Mkoma na mkindu si hivyo. Hiyo hugemwa kwa kukatwa kilele, mahali ambapo majani machanga huchipukia. Jamii ya minazi haina pengine pa kukulia ila hapo, hivyo shina lililogemwa hadi utomvu ukakauka hufa. Kinachoiokoa miti hii ni maumbile yake. Mkoma wa Tana, ambao wanasayansi huuita Hyphaene compressa, hugawanyika matawi, na mkindu huota mashina mengi katika kichaka kimoja. Shina moja likifa, mengine husalia, mradi mgema asiyamalize yote.

Katika misitu ya kando ya mto hilo si jambo dogo. Mkindu huwapa wanawake ukindu wa kusukia mikeka, na matunda yake ni chakula kikuu cha mangabe wa Tana, kima ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa katika vipande vya msitu vilivyoko kandokando ya mto huo. Hifadhi ya Kitaifa ya wanyama hao ilitengwa mwaka 1976, baina ya Hola na Garsen. Watafiti waliofanya kazi humo walikwisha kueleza kwamba binadamu na kima wanagombea mti mmoja. Glasi ya tembo la mkindu, basi, haina thamani sawa na ya mnazi hata kama bei ni moja, na mnunuzi anayeuliza ni la mti gani hatafuti mbwembwe.

Swali la pili la mnunuzi huhusu maji. Methali ya mgema anayesifiwa imezoeleka mno hata watu wamesahau kwamba ilianza kama malalamiko ya mteja. Tembo lililotiwa maji huonekana jepesi, povu lake hufa upesi, na ladha yake hukatika mara tu linapomezwa badala ya kudumu kooni. Baadhi ya wauzaji hufidia kwa kutia sukari ya dukani. Hapo utamu na ukali hukaa mbalimbali mdomoni, kwani tembo lenye ukali wa siku ya pili halipaswi kuwa na utamu wa asubuhi. Maji yenyewe ndiyo hatari, hasa baada ya mafuriko ya Tana kama yale ya 2018 na ya kuanzia mwishoni mwa 2023, ambapo vyoo na visima vilichanganyika. Kipindupindu hakibadilishi ladha ya kitu.

Wala methanoli haibadilishi. Hili ndilo jambo ambalo ujuzi wote ulioelezwa hapo juu haulifikii. Tembo lililochachuka lenyewe huwa na methanoli kidogo mno isiyodhuru. Balaa huja pale mtu anapoongeza spiriti ya viwandani ili kinywaji kidhaifu kipate nguvu, au anapoiuza kama chang'aa. Methanoli hunukia na kuonja karibu sawa na kilevi cha kawaida, haina rangi, na hulewesha vivyo hivyo mwanzoni. Novemba 2000 iliua zaidi ya watu 100 jijini Nairobi, na Mei 2014 ikaua makumi katika kaunti kadhaa. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, iliyoondoa marufuku ya chang'aa kwa masharti ya leseni na chupa za vioo, ilikuwa tayari inatumika wakati wa mkasa huo wa pili.

Majaribio ya mitaani, kama kuwasha kinywaji moto na kutazama rangi ya mwali, hayaaminiki, kwa kuwa ethanoli nayo huwaka na mchanganyiko huficha tofauti. Kipimo cha hakika ni cha maabara.

Dalili za methanoli huchelewa, mara nyingi kati ya saa 12 na 24, kwa sababu sumu si methanoli yenyewe bali ni asidi ambayo ini huitengeneza kutokana nayo. Mgonjwa huamka akidhani ana uchovu wa pombe: kichwa humuuma, tumbo humsokota, hutapika. Kinachotofautisha ni macho. Akisema anaona ukungu, au kwamba mchana umekuwa na giza, na pumzi zake zikawa za haraka, asilazwe nyumbani kusubiri pombe iishe. Hospitalini zipo dawa za kuizuia methanoli isigeuke asidi, na mashine ya kusafisha damu huiondoa mwilini, lakini neva za macho zikishaharibika mara nyingi hazirudi. Aliyekunywa naye kutoka mtungi ule ule apelekwe pia, hata kama bado hajahisi lolote.