Neno "pygmy" lilitoka wapi, na kwa nini wengi hawalitaki?

Katika habari za Kongo, Uganda au Burundi zinazoandikwa kwa Kiingereza, mara nyingi tunakutana na neno "pygmy", linalotamkwa pigmi. Kwa Kiswahili wengi husema mbilikimo. Baadhi yenu mmetuuliza kwa nini katika taarifa zetu tunasema Batwa au Bambuti badala yake. Haya ndiyo maelezo.

Lilianza kama hadithi

Neno hili ni la Wagiriki wa kale, nalo lilitokana na kipimo: kutoka kwenye kiwiko cha mkono hadi kwenye ngumi. Katika utenzi wa Iliad, Homer aliwataja watu wadogo wa jina hilo wanaopigana na korongo wanaohama kukimbia baridi. Walikuwa watu wa kusadikika, kama yalivyo majitu ya hadithi zetu za jioni.

Kisha likabandikwa watu

Mwaka 1870 Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa Mbunza, mfalme wa Wamangbetu, kaskazini mashariki mwa Kongo ya leo. Huko alikutana na watu wafupi walioitwa Akka, na katika kitabu chake akawahusisha na wale wa hadithi ya Wagiriki. Jina la viumbe wa kusadikika likaenea kwa watu halisi wenye majina yao: Batwa, Bambuti, Baka, Aka na wengine. Si kabila moja, wala hawazungumzi lugha moja.

Madhara yake yalikuwa makubwa. Ota Benga, kijana kutoka Kongo, alipelekwa Marekani mwaka 1904 kuonyeshwa katika maonyesho ya St. Louis. Mwaka 1906 aliwekwa katika nyumba ya nyani ya bustani ya wanyama ya Bronx, New York, watu wakaenda kumtazama. Hakurudi tena kwao. Alijiua mwaka 1916. Shirika linaloendesha bustani hiyo liliomba radhi mwaka 2020.

Leo linatumikaje?

Nchi hazikubaliani. Kongo-Brazzaville, kwa sheria ya mwaka 2011, ililipiga marufuku neno hilo na kulihesabu kuwa tusi. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ililiweka katika sheria yake ya mwaka 2022 ya kulinda haki za watu hao. Burundi hutumia jina lao wenyewe: katiba ya mwaka 2005 iliwatengea Batwa viti vitatu katika Bunge na vitatu katika Seneti.

Tuseme nini basi?

Ukijua jina la jamii, litaje: Mtwa, Mbuti, Mbaka. Kwa wanyama, neno la Kiingereza halina ubaya. Wataalamu hulitumia kwa kiboko mdogo wa Afrika Magharibi. Lakini kumwita jirani yako mfupi mbilikimo ni kumdhihaki, na mtoto akiitwa hivyo shuleni anaweza kuchukia kwenda.

Jina halitoi shamba wala zahanati. Batwa walioondolewa katika misitu ya Bwindi na Mgahinga, Uganda, ilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, wengi wao hawakupewa ardhi nyingine. Ila ni vigumu kusikiliza madai ya mtu ambaye bado unamwita kwa jina la kiumbe wa hadithi.